Nimepata kinanda, vidole vitazoea
Wiki tatu nasaka ile sauti ya piano ya umeme ya Yamaha DX7, kinanda cha mwaka 1983, inayolia kama kengele ndani ya maji. Chenyewe nilikikuta kwa fundi mmoja: vibonye viwili vimekufa, betri ya kutunza sauti imekwisha, na bei bado ya bibi harusi. Nikakiacha.

Nikajaribu Reface DX, mdogo wake DX7, wa Yamaha hao hao. Vibonye 37 tu, vidogo kweli. Dole gumba langu linagonga viwili kwa mpigo. Kina opereta 4, yaani vizalisha mawimbi vinavyounda sauti, badala ya 6 za kaka yake, lakini nilipobonyeza kodi ya kwanza, noti kadhaa kwa pamoja, nikacheka peke yangu dukani.

Nimekibeba. Mama watoto kauliza, “Na spika je?” Zimo humo humo!