Mlima Usiokatwa Miti Kileleni

Tangu nisome habari za Wadongria Kondh wa jimbo la Odisha, mashariki mwa India, sikubali tena kwamba urithi wa jamii ya kiasili ni ngoma, shanga na mavazi ya sikukuu peke yake. Watu hawa wanaishi katika milima ya Niyamgiri, na humhesabu Niyam Raja, mungu wa mlima na mfalme wao, kuwa ndiye aliyewawekea sheria ya kuishi humo. Kwa sheria hiyo, wimbi, manjano na mananasi hulimwa kwenye miteremko, lakini miti ya kileleni haiguswi.

Imani hiyo ina faida inayoonekana kwa macho. Kileleni pamelala tabaka la boksiti, madini ya kutengenezea alumini, ambalo hunyonya maji ya mvua na kuyaachilia polepole, hivyo vijito hutiririka hata wakati wa kiangazi. Wanawake nao hudarizi shali ziitwazo kapdaganda, na safu za pembetatu unazoziona kwenye kitambaa ni milima yenyewe. Ukiuondoa mlima, sijui shali hiyo itakuwa inasimulia nini.

Kampuni ya Vedanta ilipotaka boksiti hiyo, mgogoro ulifika Mahakama ya Juu ya India, ambayo mnamo Aprili 2013 iliamua kwamba mabaraza ya vijiji ndiyo yapime iwapo uchimbaji ungeingilia haki za wenyeji za kidini na kitamaduni, kwa kuzingatia Sheria ya Haki za Misitu ya 2006. Vijiji 12 viliulizwa, na vyote 12 vikakataa. Nalistahi sana jambo hili, kwa kuwa ibada ya watu wachache ilipewa uzito mbele ya sheria, haikuchukuliwa kuwa kivutio cha watalii.

Niyamgiri si kisa cha pekee. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 104 katika jamii zinazotambuliwa na serikali ya India kuwa za kikabila, na nyingi kati yake zimeufunga utamaduni wao na ardhi kwa namna hiyo hiyo. Wakhasi wa jimbo la Meghalaya, ambao kwao ukoo hufuata upande wa mama, huiongoza mizizi hai ya mti wa mpira wa India kuvuka mito hadi iwe daraja, kazi inayochukua miaka mingi na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Daraja kama hilo haliwezi kung'olewa likawekwa katika jumba la makumbusho.

Sisi wa Nairobi tumezoea kuutazama utamaduni jukwaani, pale Bomas kwa mfano, na kuzihifadhi ngoma ni kazi njema. Lakini swali la Niyamgiri liko hapa kwetu pia, katika msitu wa Mau, ambako Waogiek wametundika mizinga yao ya nyuki kwa vizazi vingi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2017 kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafurusha, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao kwa hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena. Nasikitika kwamba bado tunawaalika waimbe katika sherehe za kitaifa, ilhali msitu wanaouimba hatujawarudishia.