Paladini mvunja kiapo, mpe haiba kwanza

Kwenye gemu ya Baldur's Gate 3, paladini wangu wa kwanza wa giza, yaani shujaa wa kiapo aliyeanguka, alifia juu ya paa la Moonrise Towers, mbele ya bosi Ketheric Thorm, mara nne usiku mmoja. Watoto wamelala, feni inazunguka, mi narudia seivu ile ile, nabadilisha nani asimame wapi, nani anywe dawa gani, na bado nakufa. Kosa halikuwa pale juu kabisa. Kosa nililifanya siku ya kwanza natengeneza karakta, saa kumi na kitu za gemu nyuma huko, nilipomwaga pointi zote kwenye nguvu na kuiacha haiba (Charisma) ikae 10, kwasababu kichwani nilikuwa na picha ya jitu lenye deraya nyeusi na upanga mkubwa, sasa jitu kama hilo haiba ya nini?

Naongelea ile ya Larian iliyotoka Agosti 2023. Huyu mvunja kiapo, Oathbreaker, humchagui mwanzoni kama unavyochagua wengine. Unaanza na paladini wa kawaida mwenye kiapo chake halafu unakivunja kwa mikono yako mwenyewe. Mi niliapa kiapo cha Ancients, na nilikivunja mapema sana, pale Lae'zel, mpiganaji unayeweza kumchukua kwenye kundi lako, alipofungiwa kwenye kizimba na wale tiefling wawili, watu wenye pembe, wanabishana chini yake. Niliwashambulia. Sikuwa na sababu ya maana, nilikuwa na haraka tu ya kumchukua. Usiku ule kambini akaja yule Oathbreaker Knight, anaongea taratibu kama mtu mzima aliyechoka, na sikusikia raha hata kidogo. Kama unataka kurudi nyuma unamlipa dhahabu 1000 kiapo kinarudi. Sikulipa. Nilitaka kubaki na nilichofanya.

Hii hadithi ya paladini aliyeanguka ni ya zamani kuliko wengi tunaocheza. Paladini aliingia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozaa gemu hii, mwaka 1975 kwenye kitabu cha Greyhawk, na tangu mwanzo akienda kinyume na wema anapoteza alichopewa. Julai 1980 jarida la Dragon likatoa antipaladini, ila alikuwa wa mwendesha mchezo, adui wa kuwapiga nae wachezaji. Hata Oathbreaker wa kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 aliwekwa upande wa wabaya. Kwahiyo ukimpata huyu mkononi unacheza na kitu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ng'ambo ya meza, na nadhani ndo maana wengi tunamjenga kama adui, yaani nguvu na chuma basi.

Sasa angalia alichonacho. Spiteful Suffering, unampa adui mateso ya kila zamu, dadu moja ya pande nne jumlisha nyongeza ya haiba yako, na akiwa ndani yake kila anayempiga anarusha dadu mbili anachukua kubwa. Aura of Hate ya levo ya 7, kila pigo lako la silaha ya mkononi linaongezewa haiba. Aura of Protection ya levo ya 6, wewe na wenzako walio karibu mita 3 mnaongezewa haiba yako kwenye kila dadu ya kujinusuru, sumu, hofu, uchawi, chochote. Dreadful Aspect nayo, ile inayowagandisha watu kwa hofu wasisogee hata hatua, ugumu wa kuikwepa unatoka kwenye haiba. Kila unapogusa unakuta haiba. Yangu ilikuwa 10, maana yake nyongeza sifuri, maana yake nilikuwa napanda levo napewa masanduku karibu matupu na mi nalaumu upanga.

Kwenye karakta wa pili nikaanza hivi: haiba 15 ile bonasi ya 2 ikaenda hapo ikawa 17, nguvu 15 na bonasi ya 1 ikawa 16, uimara wa mwili 14, wepesi 10, akili na busara nikaziacha 8. Haiba ya 17 ni namba ya kungojea, kwasababu yule bibi mchawi Auntie Ethel ukimbana vizuri kwenye pambano anakubali kukupa unywele wake, na unywele ule unaongeza pointi moja popote unapotaka. Ikawa 18 kabla hata sijatoka sehemu ya kwanza ya gemu. Najua wapo wanaoacha nguvu iwe 8 halafu wanakunywa ile dawa ya Hill Giant kila asubuhi inayopandisha nguvu mpaka 21, inafanya kazi kweli, ila mi sipendi karakta anayetegemea chupa.

Levo ya 4 chukua kipaji cha Great Weapon Master na upanga wa mikono miwili. Inakupunguzia 5 kwenye kulenga inakuongezea 10 kwenye pigo, na hiyo 5 ndo inawatisha watu wanaikimbia, lakini sisi tuna Spiteful Suffering. Mtese kwanza mkubwa wao, halafu mpige huku unarusha dadu mbili. Zile dadu mbili zina faida nyingine ambayo mi naipenda kuliko zote, nafasi ya kupata 20, yaani kritiko, inatoka asilimia 5 inakaribia 10.

Na kritiko ndo mahali pa kutumia Divine Smite, lile pigo la mwanga linalokula sloti zako za uchawi. Nilikuwa namaliza sloti zangu kwenye mapigo mawili ya kwanza ya kila ugomvi, goblini mwenye damu 9 namshushia mwanga wa kumtosha dubu, tukifika kwa bosi sina kitu. Nenda kwenye mpangilio wa riakshen (reactions), weka gemu ikuulize unapopiga kritiko. Sloti ya levo ya 2 inatoa dadu tatu za pande nane, kwenye kritiko zinakuwa sita, na kama unayempiga ni maiti au shetani inaongezeka moja kabla ya kuzidisha, zinakuwa nane. Nane! Na hili sijawahi kulizoea, kiapo umekivunja, umeua wasio na hatia, chuki imekuzunguka mita tatu kila upande, na bado ukishusha pigo linalotoka ni mwanga, mwanga ule ule wa paladini msafi. Hawakukunyang'anya. Mi hapo huwa nakaa kimya kidogo.

Baada ya levo ya 7 mi huwa naacha upaladini naingia Warlock, mchawi wa mkataba, levo tano. Ukifika levo yake ya 3 unachukua Pact of the Blade, unaifunga silaha, na kuanzia hapo unalenga na kupiga kwa haiba badala ya nguvu. Kipaji cha pili kipeleke kwenye haiba ifike 20. Hapo kila pigo lina 5 ya silaha, 5 ya chuki na 10 ya Great Weapon Master, ni 20 kabla dadu ya upanga haijaanguka. Sloti za Warlock zinarudi kila pumziko fupi kwahiyo smite hazikauki. Levo yake ya 5 inakupa pigo la tatu kwa zamu, ila kwenye Honour, ule ugumu wa juu kabisa, hilo la tatu halipo, jipange mapema. Kuna kitu unapoteza, Animate Dead, uchawi wa kufufua maiti, inakuja paladini levo ya 9 na hutaifika. Mi nimeiachia roho safi, mchawi wa kundi langu, Gale, anawafufua hao maiti vizuri tu na wakisimama karibu yangu wanapata nyongeza ya chuki yangu.

Nilirudi Moonrise na huyu wa pili akiwa levo ya 8, paladini saba na Warlock mmoja, haiba 18, hata Pact bado hajaipata. Paa lile lile. Wenzangu niliwaweka ndani ya mita tatu wote, na safari hii kila uchawi uliorushwa kwetu ulikuta nyongeza ya 4 inasubiri. Zamu ya tatu dadu ikadondoka 20, gemu ikaniuliza, nikabonyeza ndiyo. Ketheric alipokimbilia chini tukamfuata, wote wanne wazima, na mi nina sloti mbili.