Siko seli haitoki upande mmoja

Mtoto akigundulika na siko seli, vidole huanza kunyooshwa: kwetu haipo, imetoka kwa mama yake. Kwa mtoto wa SS, yaani mwenye nakala mbili za jeni ya siko seli (S), hilo haliwezekani. Jeni inayohusika ipo kwenye kromosomu ya 11 na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Huyo amepokea S kwa wote wawili. Mwenye AS, yaani S moja na A moja ya kawaida, kwa kawaida ni mzima, tena utotoni hulindwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana S inaweza kupita kimyakimya kwa bibi na mama mpaka AS aoane na AS.

Chora ukoo, vizazi vitatu. Mwanamume mraba, mwanamke duara. AS paka wino nusu, SS paka zima. Baba mwenye wake wawili, kila mke na mstari wake, la sivyo watoto wa huyu utawahesabia yule. Marehemu anayesemwa tu kwamba "alikuwa wa kuumwaumwa" mwekee alama ya kuuliza. Wino ni wa aliyepimwa.

Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina 25% ya SS, 50% ya AS na 25% ya AA. Kila mimba! Kumpata mmoja mgonjwa hakuwakingi watatu wanaofuata.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kipimo. Kile cha haraka, cha kutazama kama chembe nyekundu za damu zinajikunja, huwa chanya kwa AS na kwa SS pia. Kwa mtoto chini ya miezi 6 kinaweza kudanganya, kwa kuwa himoglobini yake (protini ya damu inayobeba oksijeni) bado ni ile ya tumboni mwa mama. Omba elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini: SS haonyeshi A kabisa, AS huonyesha A na S, A ikizidi. Aliyeongezewa damu asubiri kama miezi 3, vinginevyo mtasoma A ya aliyemchangia.

Na baba akiandikiwa AA ilhali mtoto ana S tupu? Kabla ya kumshuku mama, rudieni kipimo. Kisha baba apimwe kiwango cha himoglobini A2 (aina ya himoglobini ambayo kwa kawaida huwa kidogo) na picha kamili ya damu. A2 iliyopanda kidogo pamoja na chembe ndogo kuliko kawaida huashiria jeni ya thalasemia ya beta, inayopunguza utengenezaji wa himoglobini ya kawaida, na jeni hiyo ikikutana na S ya mama, mtoto anaweza kusomeka kama SS.