Siku yangu moja maabara hapa Moshi, siku ya neutrofili

Saa 11 na nusu alfajiri

Siku za kuchukua damu naamka mapema. Siku nyingine naingia maabara saa mbili kama watu wengine, ila ukishapanga kazi ya neutrofili basi zenyewe ndo zinakupangia siku, kwa sababu ni chembe nyeupe za damu zenye maisha mafupi mno, uboho wa mtu mzima unatengeneza karibu bilioni 100 kila siku na za zamani zinakufa, na ukishazitoa mwilini baada ya saa chache zinaanza kujiua zenyewe. Huwezi kuzigandisha uje uzitumie wiki ijayo kama tunavyofanya kwa limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine. Damu ya leo inaisha leo. Chai na chapati moja, mlima leo uko wazi mpaka kileleni, hiace ya Pasua imejaa lakini twende hivyo hivyo.

Saa 1 na nusu asubuhi

Nafuta kabati kwa spiriti, napanga tyubu, natoa maji ya chumvi kwenye friji yapate joto la chumba maana seli hizi hazitaki baridi. Kila kitakachozigusa lazima kiwe hakina endotoksini, ile sumu ya kwenye ukuta wa bakteria. Ikiwepo hata kidogo sana seli zinashtuka kama vita imeshaanza, na hapo hutajua tena zimeitikia kemikali uliyoweka wewe au uchafu wa kwenye maji.

Saa 2 na nusu

Mchangiaji wa leo ni mama mmoja anauza ndizi sokoni, mtu wa stori. Namsomea fomu ya ridhaa yote, anasikiliza, halafu anauliza, "Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi?" Nikamwambia haiendi popote mama, inaishia chumba kile pale, jioni tumemaliza nayo. Akacheka akanyoosha mkono.

Wakati dada wa maabara anajaza tyubu za kizibo cha kijani, mama anasimulia kwamba kuna hospitali aliwahi kupima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, akaambiwa chembe zake nyeupe ziko chini, akarudi nyumbani usingizi hauji, akapimwa kila kitu, vyote safi, na hakuna aliyemwelezea kwa nini. Hii stori naisikia sana na kila nikiisikia inaniuma, kwa sababu maelezo yapo.

Ile safu ya "kawaida" pembeni ya karatasi ya FBP mara nyingi inatokana na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Neutrofili zikishuka chini ya 1,500 kwa kila maikrolita unawekewa alama kwamba una upungufu. Sasa Waafrika wengi wazima kabisa wanaishi kwenye kiwango hicho maisha yao yote na hawaumwi maambukizi kuliko wenzao. Sababu kubwa ni Duffy, risepta inayokaa juu ya chembe nyekundu na kunasa kemokini, yaani zile protini ndogo ambazo seli za kinga zinatumia kuitana. Watu wengi sana wa Afrika kusini mwa Sahara tuna badiliko la herufi moja tu ya DNA kwenye swichi ya hiyo jeni, swichi haiwaki kwenye chembe nyekundu, ila kwenye kuta za mishipa ya damu Duffy inaendelea kuwepo. Na hatukulipata bure, vivax, aina mojawapo ya malaria, inatumia Duffy kama mlango wa kuingilia kwenye chembe nyekundu, mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba wasio na huo mlango wanakingwa na malaria hiyo. Mwaka 2009 ndo watafiti wakachambua DNA za Wamarekani weusi wakakuta hiyo tofauti ya neutrofili inakaa palepale kwenye Duffy. Hasara yake ni ya kweli, kuna mgonjwa wa kansa anacheleweshewa dozi kwa ajili ya hii namba, kuna mtu mzima wa afya anakataliwa kuingia kwenye majaribio ya dawa.

Mimi swali langu ni dogo tu ndani ya hilo kubwa. Kama kemokini kwenye damu yetu zinanaswa kwa namna tofauti, neutrofili zenyewe zinaitikaje zikiitwa?

Saa 3 na robo

Damu naimwaga taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha chembe za damu, ukitikisika kidogo tabaka zinachanganyika. Sentrifuji nusu saa, breki imezimwa isije ikavuruga wakati inasimama. Ikitoka inapendeza kuangalia: juu plazma ya njano, chini yake utando mweupe wa limfosaiti na monosaiti, halafu Ficoll isiyo na rangi, na chini kabisa chembe nyekundu, neutrofili zangu zimejificha mle mle.

Kuzitenganisha ndo sehemu ninayoipenda. Unamwaga maji matupu yasiyo na chumvi, sekunde 30, chembe nyekundu zinavimba na kupasuka, ule mchanganyiko mzito unageuka ghafla kuwa mwekundu wa kung'aa unaoonyesha upande wa pili, halafu unarudisha chumvi haraka kabla neutrofili nazo hazijapasuka. Hapo hata simu ikiita sipokei. Unazungusha tena, chini ya tyubu kinabaki kidonge cheupe.

Saa 5

Chini ya hadubini na rangi ya bluu, zilizokufa zinanywa rangi, nzima zinabaki angavu. Karibu zote angavu, vizuri. Umeme ukakatika hapa katikati, jenereta ikawaka, inkubeta ina betri yake, tukaendelea.

Saa 5 na nusu

Sahani yangu ina vyumba viwili viwili, cha juu na cha chini, katikati kuna utando wenye matundu ya maikroni 3. Neutrofili ina upana wa maikroni kama 12. Chini naweka IL-8, moja ya zile kemokini za kuita neutrofili, kwa viwango tofauti, juu naweka seli, kimoja nakiacha bila IL-8 na kingine naiweka juu na chini sawasawa. Saa moja kwenye nyuzi 37. Ndani ya hiyo saa, seli inayoisikia IL-8 inajipenyeza kwenye tundu lililo robo ya upana wake, kiini chake kimegawanyika vipande vitatu vinne kwa hiyo kinapita kipande kwa kipande. Nimeona hii kitu miaka sasa na bado nasimama kuangalia.

Mchana nakula mtori, haraka haraka.

Saa 8

Kuhesabu waliovuka. Kisicho na IL-8, wachache. Ukiongeza kidogo, wanaongezeka, ukiongeza tena wanajaa, halafu ukizidisha sana wanapungua. Ni kama harufu ya samaki wa kukaanga, ikitokea upande mmoja utaifuata mpaka jikoni, ikijaa mtaa mzima hujui ugeukie wapi. Neutrofili inasoma tofauti ya IL-8 kati ya ubavu huu na ule, ikiwa sawa kila upande au risepta zote zimeshajaa, haina pa kwenda.

Saa 10 jioni

Namba zinaingia kwa msimbo tu, bila jina la mtu, DNA ya Duffy inapimwa na mwenzangu na mimi sionyeshwi mpaka wachangiaji wote waishe, nisije nikahesabu kwa matamanio.

Kabla sijatoka FBP ya yule mama ikarudi. Neutrofili 1,300, na alama ya L pembeni, yaani iko chini. Daktari wa mradi akampigia pale pale, akamuuliza homa, vidonda mdomoni, dawa anazotumia, hakuna kitu, na majibu yake ya zamani nayo yako hapo hapo. Akamweleza kuhusu Duffy kwa Kiswahili cha kawaida, na Jumatatu mama anakuja kuchukua barua ya kuweka kwenye faili lake, ili hospitali atakayokwenda wasianze naye upya.