Namba ya asubuhi

Juzi nilikuwa juu ya mizani, daftari mkononi, mwanangu akaja akasimama mlangoni na mswaki wake. Akanitazama kidogo, akauliza: "Mama, ikipungua unafurahi au unaogopa?"

Nikamwambia akamalize kupiga mswaki. Ana miaka 7. Siku ile nilipoanguka alikuwa na 4, na hatujawahi kumsimulia.

Ilikuwa siku ya 9 tangu nianze kujinyima. Daktari alisema uzito unaupa moyo wangu kazi ya ziada, nami nikatoka pale nimeshika neno hilo moja tu. Kesho yake nikaacha wanga wote, chumvi karibu yote, nikawa nakula mara mbili kwa siku. Dawa nikaendelea kumeza zote kwa saa zake: ya kutoa maji mwilini, ya presha na ile ya kutuliza mapigo. Kuruka dozi niliona ni dhambi, na hapo sikukosea. Kilichonipita ni kwamba dozi zile zilipangwa kwa mwili uliokuwa unakula.

Nilianza na kilo 91. Siku ya 4 nilikuwa 88. Kizunguzungu kilipoanza nikakiita njaa. Misuli ya miguu ilipobana usiku nikaiita uchovu.

Asubuhi hiyo mizani ikasoma 86.1. Nilicheka peke yangu chumbani. Kalamu ikaniponyoka ikaingia uvunguni, nikainama, nikaipapasa mpaka nikaipata, nikainuka. Sauti ndizo zilizotangulia kuondoka. Baba yake alikuwa anaoga, na maji yale niliyokuwa nayasikia vizuri yakawa kama yanamwagika nyumba ya tatu. Kisha giza likaingia kutokea pembeni likija katikati, polepole, nikaliona linavyokuja. Nilinyoosha mkono nishike kitanda, nikashika shuka, likashuka pamoja nami.

Sakafu ilikuwa baridi shavuni. Nilipofumbua macho, mbele yangu palikuwa na gari dogo la mwanangu, limepotea gurudumu moja, limeegemea mguu wa kitanda. Nikalitazama sana. Nikaweka vidole shingoni nikitegemea kukuta moyo unagonga kwa fujo. Wapi. Ulikuwa unakwenda taratibu: pigo, kimya, pigo, kimya, kama haujui kuwa mwenyewe yuko chini. Hilo lilinitisha kuliko kuanguka. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba presha ikianguka, moyo hukimbia ili kufidia, na ile dawa ya mapigo kazi yake ni kuuzuia usikimbie. Siku zote inanilinda hivyo. Asubuhi ile iliuzuia hata mbio nilizozihitaji.

Kalamu ilikuwa bado mkononi.

Baba yake alinifunga kipimo cha presha palepale chini: 84 kwa 52. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, gari, machela, dripu, sindano za kutoa damu. Potasiamu, moja ya madini ya damuni, ilikuwa 3.1, na haitakiwi kwenda chini ya 3.5, maana ikishuka mapigo yanaweza kuvurugika. Figo nazo zilikuwa zimeanza kuelemewa.

Nesi wa zamu ndiye aliyeuliza. "Mama, umebadilisha nini kwenye chakula?" Nikamweleza yote, tena kwa fahari. Akavuta kiti. Akasema sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 hukaa na maji kama gramu 3. Ukiukata wanga ghafla, akiba inaisha na maji yake yanatoka, chumvi nayo inatoka. "Na wewe juu ya hayo unameza dawa ya kutoa maji." Hapo ndipo nilipolia.

Dawa ya maji ilipunguzwa nusu, nikaonywa nisije nikaipunguza wala kuiacha mwenyewe. Chumvi mbadala niliyokuwa nimeinunua nikaambiwa niitupe: imejaa potasiamu, na dawa yangu ya presha huizuia isitoke mwilini, kwa hiyo ingeweza kunipeleka upande wa pili, kuzidi. Wanga ukarudi, kidogo kila mlo. Tukakubaliana kupungua kusizidi nusu kilo kwa wiki. Kadiri nilivyopungua daktari alishusha dozi ya presha mara mbili, na kila mara baada ya kupima damu.

Bado naumia kwamba neno "punguza uzito" lilitoka kwa yuleyule aliyeniandikia dawa zile, bila neno la pili. Nami sikuuliza la pili. Kati ya hayo mawili sijui lipi linaniuma zaidi.

Nyuma ya daftari nimeandika: kupanda kilo 2 ndani ya siku 3, piga simu, maji yanarudi. Chini yake, kwa wino mwingine: kushuka ghafla, piga simu vilevile.

Jana ilikuwa 79.8. Leo 79.1. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikapima presha, nikasimama, nikapima tena. Ya juu ilikuwa 112, kisha 108. Mwanangu alikuwa mlangoni, anasubiri jibu lake la juzi. Nikampa kalamu aandike yeye.