Picha za Taya Langu

Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye ufizi wangu wa chini yalikuwa yamekwisha kutoka, nayo yalithibitisha saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo aina ya kawaida zaidi miongoni mwa saratani za kinywa. Daktari wa upasuaji alitaka sasa kujua ugonjwa umefika wapi, kwa kuwa jicho na kidole hukomea juu, ilhali kilichomtia wasiwasi ni mfupa wa taya uliolala chini ya ufizi huo.

Nilianza na kipimo cha CT, yaani mashine ya eksirei inayouonyesha mwili vipande vipande. Majibu ya figo yalipoonekana kuwa salama, nilidungwa mshipani dawa yenye ayodini, na mara joto likanishuka kutoka kooni hadi kiunoni, kiasi cha kudhani nimejikojolea (heri nilikuwa nimeonywa). Kisha kijana aliyeendesha mashine akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mama, funga midomo, jaza mashavu hewa kama unapuliza puto, na usiiachie mpaka nikwambie." Alinieleza kwamba kinywa kikifumbwa shavu huulalia ufizi, vikaonekana kitu kimoja, na hapo ni vigumu kutambua uvimbe umeota upande gani; lakini hewa ikipita kati, kila kimoja hujitenga.

Kikwazo kikawa jino. Gego langu moja lilikuwa limevikwa kofia ya chuma, na chuma hicho kilitawanya michirizi myeupe na myeusi kwenye picha, tena mahali palepale palipohitajika kuonekana. Nililaliswa tena, kichwa kikainuliwa kwa pembe nyingine ili michirizi ipite kando, na picha za mara hii zikafaa.

Hata hivyo, daktari wa radiolojia alishauri nifanyiwe na MRI, kwa sababu CT huonyesha vizuri gamba gumu la mfupa, lakini uboho ulio ndani yake huonekana vizuri zaidi kwa MRI, ambayo hutumia sumaku na mawimbi ya redio badala ya eksirei. Kelele zake nilizivumilia. Kilichonitesa ni kukatazwa kumeza mate wakati picha zinapigwa, maana ulimi ukisogea picha huvurugika, na mwenye kidonda kinywani mate humjaa upesi. Kila mashine iliponyamaza kidogo, nilimeza kwa pupa.

Daktari wa upasuaji alizifungua picha hizo mbele yangu na mume wangu. Alituambia kwamba uboho wa taya la mtu mzima una mafuta mengi, na katika aina ya picha aliyotuonyesha mafuta hung'aa. Saratani ikipenya, mng'ao hufifia. Akapitisha ncha ya kalamu taratibu kwenye skrini, nasi tukauona weupe ukiendelea chini ya uvimbe bila kukatika. Gamba la juu lilikuwa limelika kidogo tu. Kwa hiyo alikusudia kuondoa ukingo wa juu wa taya na kuuacha wa chini mzima, badala ya kukata kipande chote na kuziba pengo kwa mfupa wa mguuni. Kuhusu shingo hakusitasita: tezi moja ya limfu chini ya taya ilikuwa imevimba na katikati yake imekufa, dalili kwamba saratani imeifikia, kwa hiyo tezi za upande huo zingeondolewa.

Mume wangu akauliza, "Daktari, na kama picha zimekosea?" Alijibu kwamba hilo hutokea, kwani hata uambukizo wa jino bovu unaweza kuufifisha uboho, na mmomonyoko mdogo wa gamba unaweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo angeufunua mfupa wenyewe na kuutazama kabla ya kuukata. Nilitia sahihi fomu iliyoruhusu upasuaji wa aina zote mbili, kisha nikapelekwa kupigwa picha za mishipa ya damu ya miguu, ili mfupa wa mguuni uwe tayari iwapo ungehitajika.