Prado haivuti, fundi kashasema turbo imekufa

Kama hujawahi kupanda mlima Kitonga na gari iliyokosa nguvu huwezi kunielewa. Fuso limejaa mbao liko nyuma linanipigia honi, mimi mguu umeshagusa zulia, gia ya pili, Prado yangu ya injini ya dizeli 1KZ-TE inajikongoja tu na mtoto siti ya nyuma anauliza baba mbona tunapitwa.

Kwa fundi hata boneti haijakaa sawa kashasema boss turbo imekufa hiyo (ile feni inayosindilia hewa kwenye injini), ninayo ya mtumba kutoka Japani, laki nane tu. Nikamwambia toa kwanza mpira wa hewa niione. Nikashika shafti kwa vidole, inacheza pembeni kidogo sana ambayo ni kawaida, mbele nyuma haichezi kabisa, feni haijagusa ukuta. Sasa imekufaje hapo?

Kilichonishtua zaidi ni moshi, haukuwepo. Dizeli za zamani zile za pampu ya kawaida hewa ikivujia njiani mafuta yanazidi, unaacha wingu jeusi barabara nzima. Ila 1KZ-TE pampu yake inaongozwa na kompyuta, na kuna sensa inayopima presha ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda, sasa sensa isipoona presha mafuta yanapunguzwa na gari inakuwa nzito kimya kimya, turbo ya watu inasingiziwa.

Basi nikafuata kale kampira kembamba kanakotoka manifoldi kwenda kwenye sensa. Kwa juu kazima kabisa, nilipokakunja tu kakaachama mdomo kama sato, ufa uko upande wa chini ambao huuoni mpaka ukashike. Na tundu la kwenye manifoldi limeziba masizi na oili, masizi yanaletwa na ile EGR, mfumo unaorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini, na oili inakuja na mvuke wa injini yenyewe. Nikazibua na waya wa spoku, nikanunua mpira wa vakyumu elfu tatu, na hapo hapo nikaunga geji ya presha maana kuendesha turbo bila geji ni kukisia.

Jamaa mmoja akanishauri nibane pia fimbo ya westigeti, kile kilango kinachozuia presha ya turbo isizidi, ili presha ipande zaidi. Hapana kwa kweli, hizi injini silinda hedi zinapasuka kwa joto hata bila kuchokozwa.

Wiki iliyofuata Kitonga nimepanda na gia ya tatu sehemu kubwa, mshale wa geji ya presha umetulia. Fundi kanipigia jana, anataka kujua ule mpira nimenunua duka gani.